Mtoto njiti, figo zake na homoni ya msukosuko

Wadau, juzi kijiweni hapa Kibaoni palizuka ubishi. Mtoto njiti wa jirani kapelekwa Mpanda, katolewa damu mara mbili ndani ya siku tatu, mzee mmoja akasema wanammaliza bure. Mimi si daktari, ila nilikaa kafe nikasoma, na mzee kakosea.

Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37. Walio chini ya kilo 1.5 ndio wadogo sana. Vichujio vya figo vinaendelea kutengenezwa tumboni mpaka wiki ya 34 hadi 36, kwa hiyo wa wiki ya 28 anakuja na chujio ambalo halijaisha.

Juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama kofia, inatoa kotisoli, homoni ya msukosuko. Ndiyo inayosaidia presha isianguke mwili ukiwa taabani. Kwa njiti tezi nayo ni changa. Presha ikishuka figo zinakosa damu, zinaumia. Kotisoli hupimwa kwa damu, lakini namba peke yake haitoshi, maana hata njiti anayeendelea vizuri anaweza kuwa nayo kidogo. Presha ikigoma kupanda, madaktari wanaweza kumpa haidrokotisoni.

Sasa kwa nini damu mara mbili? Figo hupimwa kwa kreatinini, na siku za kwanza ile iliyomo ni ya mama! Lazima warudie waone inapanda au inashuka. Ikipanda kwa 0.3 (miligramu kwa desilita) ndani ya saa 48, figo zimeumia. Utafiti wa AWAKEN wa 2017, nchi nne, ulikuta karibu watoto 30 kati ya 100 waliolazwa wakiwekewa dripu wana tatizo hilo. Jentamaisini nayo inaokoa wenye maambukizi ila inaweza kuumiza figo, ndiyo maana dozi inafuata uzito.

Kubeba kifuani ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa pia kumepimwa, Tanzania ikiwemo: 2021 vifo vilikuwa 12.0 kati ya 100, badala ya 15.7.

Dalili ya kuangalia ni mkojo. Baada ya siku ya kwanza, chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa si salama. Wa kilo 1.2 asipofikisha kama vijiko 6 vya chai kwa siku nzima, mwambie nesi hapo hapo.

Mzee akauliza, mkojo ulio kwenye nepi unaupimaje? Pima nepi kavu, pima iliyolowa, toa. Gramu 1 ni mililita 1.