Zimwi Letu Lina Matako Tisa

Wasee, mdogo wangu anapenda vitabu vya mazimwi ya kuchekesha, vya michoro. Yote ni mazimwi ya ng'ambo. Na hapa Eldoret tuko na Chemosit!

Mwaka 1909, Mwingereza A. C. Hollis alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, na Chemosit yumo: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, matako tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Anajikongoja na fimbo kama mkuki, akitafuta watoto awale.

Matako tisa! Wazee walijua komedi kitambo. Kogo alinisimulia stima zikiwa zimepotea. Nilicheka, lakini choo cha nje sikuenda.

Unajua kuchora? Mchore, kogo zetu wakiwa bado wanasimulia.