Daftari la Pamba: Jinsi Kanda ya Ziwa Ilivyojifunza Kudai Hesabu

Paul Bomani alipokabidhiwa Wizara ya Fedha ya Tanganyika mwaka 1962, hakutokea benki wala chuo kikuu. Alitokea kwenye pamba. Mwaka 1947 alikuwa kijana mtendaji katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na kabla ya hapo alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Kutoka hapo hadi bajeti ya taifa ilipita miaka 15 tu.

Lugha ya uhasibu katika Kanda ya Ziwa ilikua kwa kupitia njia hiyo hiyo. Simama leo Mwaloni, Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela, uwasikilize wenye mitumbwi wakigawana mapato ya dagaa. Utasikia mtaji, makato, salio, deni la nyuma. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, hutoa kwanza gharama za mafuta, taa na chakula, na kinachobaki hugawanywa kati yake na wavuvi. Mvuvi akihisi amepunjwa, humtaka tajiri afungue daftari. Tunaliona hilo kama jambo la kawaida, lakini babu zake hawakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Madaftari ya biashara ya ziwa yaliandikwa kwa muda mrefu kwa Kigujarati, kwa sababu maduka na vinu vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa Wahindi. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilileta sheria za leseni na kodi ya faida, ikataka vitabu vya hesabu viandikwe kwa lugha ambayo maofisa wake wangeweza kuisoma. Kigujarati hakikukubaliwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafunga maduka nchi nzima kwa siku 54, mgomo mkubwa kuliko wowote ambao wafanyabiashara wa nchi hii walikuwa wameufanya hadi wakati ule. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: duka dogo haliwezi kumlipa karani wa Kiingereza. Kodi yenyewe ilikuja kufutwa mwaka 1927. Katika mvutano wote huo mkulima wa Kisukuma hakuulizwa na upande wowote. Daftari liwe la Kigujarati au la Kiingereza, yeye hakuweza kulisoma.

Ndiyo maana ugomvi wake ulianzia mahali ambapo hata asiyejua kusoma angeweza kushuhudia, yaani kwenye mizani. Pamba ilinunuliwa kwa senti kadhaa kwa kila ratili, na mnunuzi ndiye aliyepima, akataja uzito, akalipa. Wakulima walikuwa na hakika kwamba wanaibiwa. Kuelekea miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, watu waliolipwa na wakulima ili wasimame kando ya karani wa mnunuzi na kuhakikisha namba. Kwa maoni yangu, hao ndio wakaguzi wa hesabu wa kwanza wa umma katika kanda hii. Hawakuwa na vyeti, wala ripoti zao hazikupigwa mhuri, lakini walifanya kazi ambayo mkaguzi anaifanya hadi leo: kusimama upande wa mwenye mali asiyekuwapo mezani, na kuuliza kama namba iliyoandikwa ndiyo namba ya kweli.

Kutoka kwenye mizani wakulima walihamia kwenye vitabu. Bomani na wenzake waliunda umoja wa wakulima wa Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye akaenda kusomea ushirika huko Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, VFCU. Mwaka uliofuata shirikisho lilikuwa na kinu chake Kasamwa, upande wa Geita. Kufikia mwisho wa muongo lilikuwa linanunua pamba yote ya kanda, likihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima.

Shirika la ukubwa huo haliendeshwi kwa kumbukumbu za kichwani. Kila chama cha msingi kilihitaji stakabadhi zenye nakala ya kaboni, kitabu cha fedha taslimu, vocha za malipo, leja ya wanachama, na mwisho wa msimu mizania. Sheria ya ushirika ya mwaka 1932 ilitaka hesabu zikaguliwe kila mwaka. Faida, hasara, deni na daftari yalikuwa maneno ya pwani ya siku nyingi, yaliyopanda bara na misafara. Leja, risiti na vocha yalikuja na Waingereza. Kwenye mkutano wa wanachama yakakaa pamoja, mara nyingi yakifafanuliwa kwa Kisukuma. Na mikutano hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwani kati ya mwaka 1954 na 1958 serikali ilikataa kuandikisha matawi ya chama cha siasa cha TANU katika kanda hii. Watu waliozuiwa kuuliza serikali inafanya nini na kodi zao waliweza angalau kumuuliza katibu wa chama amefanya nini na senti zao.

Swali gumu kuliko yote lilihusu malipo ya pili. Mkulima alilipwa malipo ya awali siku ya kuuza, kisha akasubiri ziada igawanywe baada ya pamba kuuzwa na gharama kutolewa. Hapo ndipo makato yanapoleta fujo. Ushuru unaeleweka, na mshahara wa karani unaeleweka. Lakini mweleze mtu kwamba sehemu ya fedha yake imepungua kwa sababu ya uchakavu wa mashine ya kinu, gharama ambayo mwaka huo hakuna aliyelipwa hata senti, naye atakuona mwizi mwenye maneno mazuri. Uchakavu ni hesabu ya haki kabisa, maana mashine itakufa na lazima inunuliwe nyingine. Ila ni maficho mazuri pia kwa karani asiye mwaminifu, na walikuwapo.

Mwaka 1965 Bomani, akiwa Waziri wa Fedha, alishindwa ubunge huko huko Mwanza. Manung'uniko dhidi ya VFCU yalikuwa yameenea wakati huo. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini ikakuta uhaba wa watendaji wenye ujuzi, udanganyifu, na wanachama wasioelewa shughuli za vyama vyao. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1963, lakini vyama vilikuwa vimeongezeka kwa kasi kuliko wahitimu. Serikali ikaingilia kati, VFCU ikageuzwa kuwa chama kikuu cha Nyanza, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa. Viliporudishwa, mwaka 1982, sheria iliunda pia shirika la kuvikagua, COASCO.

Taaluma nayo ilikuwa ikienda njia yake. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka 2004 nchi ikaanza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Ni hatua nzuri. Lakini mitihani ya bodi ni ya Kiingereza, na matokeo yake ni kwamba kijana wa Ilemela anaweza kuwa mhasibu kamili bila kuweza kumweleza mama yake, kwa Kiswahili, tofauti ya faida na fedha taslimu.

Madiwani wa Ilemela, manispaa iliyomegwa kutoka Jiji la Mwanza mwaka 2012, wanaijua shida hii kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, inapotoka. Hati safi hushangiliwa kama ushahidi kwamba hakuna aliyeiba. Maana yake ni ndogo kuliko hapo: taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango, wala hazina makosa makubwa.

Basi mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS), wa kikundi cha wavuvi au wa chama cha akiba na mikopo, asinyooshe mkono kupokea hesabu za mwaka kabla mizania haijasomwa mkutanoni kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kabla mhasibu hajaeleza chama kinadaiwa na nani na kinawadai akina nani.