Ntare V: Jina la Zamu

Wanafunzi wetu huuliza kwa nini Charles Ndizeye aliitwa Ntare. Majina ya wafalme wa Burundi yalipokezana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Basi Julai 1966, alipomwondoa baba yake Mwambutsa IV, kijana huyo wa miaka 18 alijipatia jina lililokuwa linangojewa. Jina halikuwa na kasoro. Kasoro ni kwamba mwenye kiti alikuwa bado hai, yuko Uswisi.

Alitawazwa tarehe 1 Septemba. Tarehe 28 Novemba Micombero, waziri mkuu aliyemteua mwenyewe, aliufuta ufalme.

Ntare alirudi kutoka uhamishoni Machi 1972, akakamatwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku huohuo Ntare aliuawa Gitega. Serikali ilidai kwanza kwamba wafuasi wa ufalme walitaka kumkomboa. Sisi hatushawishiki: waasi wa Kihutu waliotoka ufukoni walitangaza jamhuri, hawakutangaza mfalme. Mauaji ya Wahutu yaliyofuata yaliwakimbiza wengi wa ufuko ule hadi Kigoma.