Mabuyu, Leso na Vinyago vya Mombasa: Zawadi Tunazijua, Wenyewe Hatuwajui

Siku ya mwisho Mombasa huwa haina raha. Treni ya kurudi Nairobi iko leo leo, na simu haikomi kulia. Shangazi anataka haluwa. Mdogo mtu anataka mabuyu, yale mekundu. Jirani ambaye hata hakuagwa naye kashasikia safari, anataka achari. Bosi apelekewe kinyago cha twiga. Na mama mzazi? Bila leso mpya usijisumbue kubisha hodi.

Basi hapo ndipo utamkuta dada wa watu katikati ya Marikiti, jasho linamtoka, mikoba mitatu mkononi, anauliza swali ambalo kila mgeni huliuliza: "Lakini hii ni originali ya Mombasa?"

Muuzaji hababaiki. "Ya hapa hapa, dada. Onja kwanza."

Hajasema uongo. Ila hajasema yote. Karibu kila kitu ndani ya mikoba ile kimesafiri mbali kuliko treni yoyote, na nyuma ya kila kimoja kuna mtu aliyekifanya kikawa cha Mombasa, lakini jina lake halikuandikwa popote. Hebu tuifungue mikoba yenyewe, mmoja mmoja.

Mabuyu: mti ni wa hapa, fundi ni mama wa nyumbani

Tuanze na chenye asili ya hapa kweli. Mbuyu ni mti wa Afrika. Ukienda Mama Ngina, pale ufukweni karibu na feri ya Likoni, utaona mibuyu minene imesimama kama wazee wa mtaa. Mti huu huishi mamia ya miaka. Watu wanapiga selfi chini yake bila kujua kwamba zawadi ya kupeleka nyumbani inaning'inia juu ya vichwa vyao.

Buyu likipasuliwa, ndani kuna mbegu zilizofunikwa na unga mweupe mkavu, mchachu. Zamani watoto walimumunya hivyo hivyo. Mabuyu ya Mombasa unayoyajua wewe ni kazi ya jikoni: sukari na maji vinachemshwa mpaka vinakuwa shira nzito, inaingia rangi nyekundu, iliki, wengine wanatia pilipili kidogo, halafu mbegu zinamiminwa na kukorogwa mpaka kila moja ivae koti lake. Ukichelewa kidogo, sukari inaganda na mzigo mzima unakuwa jiwe. Ukiharakisha, yanabaki majimaji na hakuna atakayenunua.

Ufundi huo haukufundishwa chuoni. Ulitoka kwa nyanya kwenda kwa mama, kwa mama kwenda kwa binti, huku watoto wakitumwa kupeleka dukani baada ya shule. Ada za watoto wengi wa Mombasa zimetoka kwenye sufuria hiyo nyekundu. Mteja anajua duka tu. Mama mwenye vidole vyekundu yuko nyumbani, hajulikani.

Kando ya mabuyu kuna achari ya embe na krispi za muhogo. Hapo sasa safari inaanza. Embe asili yake ni Asia. Pilipili iliyoikalia ile achari asili yake ni bara la Amerika. Muhogo nao ulitoka upande huo huo wa dunia, ukaletwa Afrika na Wareno waliokuwa wakiutoa Brazil. Hao ndio walioijenga Ngome ya Yesu, Fort Jesus, kuanzia mwaka 1593. Wareno waliondoka, mizinga ikanyamaza, lakini muhogo ulibaki. Leo unakaangwa mbele ya ngome yao, unatiwa ndimu na pilipili, na hakuna anayeuita wa kigeni.

Haluwa: tamu kwa mlaji, mkono kwa mpishi

Mwaka 1698, baada ya kuizingira ngome kwa karibu miaka 3, Waomani waliwatoa Wareno. Lakini watu wa Oman na Mombasa walikuwa wakijuana kitambo kabla ya hapo, kwa sababu ya upepo. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi ikianza, yaligeuza matanga na kurudi na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani. Kati ya pepo hizo mbili, mabaharia walikaa bandarini kwa miezi. Walinunua, waliuza, walioa, walikula.

Haluwa ni tunda la ukaribu huo. Oman wanayo, Mombasa inayo, Lamu na Zanzibar pia. Sukari, samli, wanga, iliki, kungumanga, ukiwa na uwezo na zafarani. Vyote kwenye sufuria kubwa juu ya moto, na mwiko mrefu usiopumzika. Hiyo ndiyo siri yenyewe: kukoroga. Haluwa haitaki haraka na haitaki mkono mlegevu, maana ukiacha inashika chini na kuungua. Ikiiva inang'aa na kuvutika, na inasubiri kikombe kidogo cha kahawa tungu.

Sasa jiulize, enzi zile ule mwiko alikuwa akiushika nani? Kwenye nyumba za matajiri wa pwani katika karne ya 19, kazi nyingi za jikoni zilifanywa na watumwa. Hiyo ni sehemu ya stori ambayo haiandikwi kwenye kisanduku cha haluwa. Utumwa ulifutwa rasmi kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani sana. Kuna watu wazima wa Mombasa leo ambao bibi zao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

Na hapo ndipo tunafika kwenye leso, kwa sababu huwezi kuielewa leso bila kuwaelewa wanawake hao.

Leso: nguo yenye jina, mbunifu asiye nalo

Kabla ya leso, nguo ya mtu wa chini ilikuwa merikani, pamba ngumu isiyo na rangi iliyoletwa na meli kutoka Marekani (ndiyo ikapewa jina hilo), au kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya giza. Mtu akikuona umevaa hiyo, kashajua nafasi yako. Hukuhitaji kujitambulisha.

Neno leso ni la Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani waliingia dukani, na badala ya kununua kitambaa kimoja kimoja walikatiwa vipande 6 kwa pamoja, wakavishona 3 juu na 3 chini. Ikatoka nguo moja kubwa, yenye rangi, isiyofanana na ya mwingine. Wafanyabiashara walipoona inavyokimbiliwa, wakaanza kuagiza ikiwa imechapwa nzima kutoka ng'ambo. Zile za mwanzo zenye madoa meupe ziliwakumbusha watu ndege kanga, na ndiyo maana upande wa Tanzania wanaiita khanga mpaka leo.

Fikiria hilo kidogo. Mtindo unaovaliwa Afrika Mashariki nzima, unaobeba mtoto, unaofunika maiti, unaotunzwa bibi harusi, haukubuniwa na kampuni. Ulianza kwa wanawake wenye sindano na uzi. Na walipotoka utumwani, wanawake wengi wa pwani waliivua kaniki wakajifunga leso. Haikuwa fasheni tu. Ilikuwa ni kusema, "Mimi ni mtu kama wewe," bila kufungua mdomo.

Jina tunalolijua kwenye hadithi hii ni la mwenye duka. Kwenye mtaa wa Biashara, familia ya Kaderdina Hajee Essak imeuza leso tangu mwaka 1887. Yeye alijulikana kama Abdulla, na leso zake zilichapwa alama ya "Mali ya Abdulla". Ndiye anayetajwa sana kuwa alianzisha kuandika maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia sasa. Sifa yake apewe, alistahili.

Lakini cheki hili. Wenyewe wanasema leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo ni mpaka wa pembeni, mji ni sehemu ya katikati, na jina ni yale maneno. Yaani nguo ina jina! Mwenye duka ana jina! Wale wanawake wa sindano hawana. Na hata methali zinazochapwa pale ni za midomo ya watu, zilisemwa uani na visimani kabla hazijafika kiwandani.

Kinyago: Mmasai aliyechongwa na Mkamba

Mkoba wa mwisho ndio mzito. Kwenye maduka ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, utaona Mmasai mwembamba wa mbao ameshika mkuki. Mgeni anamnunua akidhani ametoka Umasaini. Kumbe mara nyingi kachongwa na Mkamba, na anauzwa katika mji wa Waswahili.

Huyu wa kwanza angalau tunamjua. Anaitwa Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, Machakos. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichukuliwa jeshini akafika Tanganyika, na huko akakutana na wachongaji waliokuwa mbali sana kwa ufundi. Aliporudi nyumbani alichonga kwa ajili ya kuuza, kazi ikapendwa na Wazungu, na kijiji kikamfuata. Vita iliyowamaliza vijana wengi wa Afrika Mashariki kwa njaa, maradhi na mizigo mabegani ilimrudisha mmoja na tezo mkononi.

Watalii walipozidi pwani, wachongaji waliwafuata mpaka Mombasa. Mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru, waliunda chama chao cha ushirika, na karakana yao iko Changamwe. Ukiingia unasikia tezo kabla hujaona mtu. Mmoja anatoa umbo kwenye gogo, mwingine anapiga msasa, mwingine anapaka nta. Twiga wako amepita mikono kadhaa.

Tatizo likaja kwenye mbao. Kwa miaka mingi walichonga mpingo na muhugu, miti inayokua polepole mno, mpaka ikawa adimu. Wengi wakahamia miti inayokua haraka, hasa mwarobaini. Na mwarobaini nao, ule ambao kila nyanya wa pwani anaufahamu kwa dawa chungu, asili yake ni upande wa India. Mombasa tena! Kitu kinafika kigeni, kinaoteshwa uani, kinapewa jina la Kiswahili, kizazi cha pili kinaapa kuwa ni cha babu.

Kwa hiyo ukiambiwa "huyu ni mpingo halisi" kwa bei ya kutupa, shtuka. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Chunguza sehemu ya chini ya kinyago. Kuna mbao nyeupe zinazopigwa kiwi nyeusi ya viatu zikafanana nao. Mwarobaini si aibu, ni mbao nzuri tu. Kinachokera ni kudanganywa.

Sasa originali ni ipi?

Rudi kwa dada yetu wa Marikiti. Kama originali maana yake ni kitu ambacho kila sehemu yake imezaliwa Mombasa, basi atarudi Nairobi na mbegu za buyu tu, na hata hizo sukari yake imetoka kwingine. Bandari haifanyi kazi hivyo. Kazi ya bandari ni kupokea. Kinachokifanya kitu kiwe cha Mombasa ni mkono uliokipokea na kukigeuza: uliotia pilipili kwenye muhogo, ulioshona vitambaa 6, uliokoroga mpaka bega likauma.

Ndiyo maana ubishi wa bei unaoishia kwa "punguza kabisa, mama, hii si ni mbao tu" unauma kuliko tunavyodhani. Kubembeleza bei ni desturi ya soko, hakuna anayekataa. Lakini mtu huyohuyo anayepigania kupunguziwa shilingi 50 kwa mchongaji, analipa bei kamili ya fulana yenye nembo ya ng'ambo bila kufungua mdomo. Tofauti ni nini? Ile ina jina. Hii haina. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini hawa wamecheza kwao zaidi ya miaka 100 na bado tunawaita "wale wa kuuza vinyago".

Dawa yake haina gharama. Ukinunua, uliza swali jingine badala ya lile la originali. Uliza, "Nani amekitengeneza?" Wakati mwingine muuzaji hajui. Wakati mwingine atacheka. Na wakati mwingine atakuonyesha kwa kidole mama aliyekaa nyuma ya gunia, vidole vyekundu, anahesabu chenji.

Msalimie. Mwambie mabuyu yake yanafika mbali.