Akaunti kama Mali: Soko la Zabuni za Mtandaoni na Mfanyakazi Huru nchini Kenya

Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na dunia yalitegemea satelaiti, kwa gharama ambayo wananchi wachache waliimudu. Kufikia wakati huo masoko ya zabuni yalikuwa yamekwisha kukomaa: Elance ilianzishwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na oDesk mwaka 2003. Kijana wa Nairobi au Eldoret aliyejiunga nayo alikuta mnada uliopinduliwa, ambamo mwenye kazi huitangaza nao waombaji hushindana kwa kushusha bei.

Historia hii huelezwa mara nyingi kuwa ni ya ushindani wa bei. Maelezo hayo yanaacha jambo kubwa zaidi, kwani bei ya chini peke yake haikumpatia mgeni kazi. Mteja wa ng'ambo alitazama kumbukumbu za akaunti, yaani kazi zilizokamilika, nyota na maoni ya wateja waliotangulia. Asiye na kumbukumbu hakupewa kazi, na asiyepewa kazi hakupata kumbukumbu. Hapo ndipo akaunti yenyewe ilipogeuka bidhaa. Hasa katika biashara ya kuwaandikia insha wanafunzi wa nchi za nje, akaunti zenye sifa njema ziliuzwa na kukodishwa. Mwenye akaunti alipokea malipo na kukata fungu lake; mwandishi halisi hakuonekana popote. Kwa kuwa kanuni za masoko zilikataza mapatano hayo, aliyedhulumiwa hakuwa na pa kushtaki.

Anayeijua historia ya kazi nchini Kenya atakikumbuka kipande, kilichotekelezwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Kwanza na ambacho kiliandikwa mwajiri, muda na ujira. Ulinganisho huu una mipaka yake: kipande kililazimishwa kwa sheria na kumhusu Mwafrika peke yake, ilhali akaunti hufunguliwa kwa hiari. Hata hivyo, mwenye kipande hakuruhusiwa kukitupa, naye mwenye akaunti hawezi kuihamishia soko jingine. Sifa ameichuma kwa jasho lake, lakini funguo za ghala zi mikononi mwa mwingine.

Elance na oDesk ziliungana, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork. Mwaka uliofuata ada ya soko kwa dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja ilipanda kutoka asilimia 10 hadi 20. Mwaka 2019 waombaji walianza kununua tokeni za kuwasilishia zabuni, kila moja kwa senti 15 za dola, na zabuni moja iliweza kuhitaji kadhaa. Dalali wa kawaida hungoja biashara ikamilike ndipo adai chake. Huyu hulipwa hata na aliyekosa.

Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa na serikali ya Kenya mwaka 2016, ulilenga kuwapa vijana ujuzi wa kazi hizo. Ujuzi ni nusu ya tatizo. Idadi ya waliohitimu mafunzo haimwonyeshi mshauri wa sera ni wangapi waliopata mkataba wa kwanza kwa majina yao wenyewe, wala ni wangapi wanaofanya kazi hadi leo chini ya jina la mtu mwingine.