Kigezo pimika katika uhandisi wa mifumo kwa modeli

Kigezo pimika ni sifa ya mfumo iliyopewa jina, kizio, thamani inayotakiwa, mipaka ya kupanda na kushuka, na njia ya kuihakiki kwa chombo. Katika uhandisi wa mifumo kwa modeli, sifa hizo haziachwi zitawanyike katika ripoti. Huwekwa ndani ya modeli moja ya kompyuta na kufungamanishwa kwa milinganyo, ili thamani moja ikibadilishwa, nyingine zote zinazoitegemea zionekane zinavyosogea. Lugha inayotumika sana kwa kazi hiyo ni SysML ya shirika la Object Management Group, iliyotolewa rasmi mwaka 2007. Mfano wa makala hii ni mfumo wa umeme unaoanzia Rusumo, wilayani Ngara, na kufika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Takwimu za mtambo na njia zake ni za mradi wenyewe; modeli inayoelezwa ni ya kufundishia.

Rusumo iko mpakani mwa Tanzania na Rwanda, chini kidogo ya pale Mto Ruvubu unapoingia Kagera. Hapo Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa ubia mtambo wa megawati 80, wenye turbini tatu aina ya Kaplan za takriban megawati 26.7 kila moja. Umeme hugawanywa sawa kwa nchi zote tatu. Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 340 kwa mradi huo Agosti 2013. Njia za kilovoti 220 hutoka hapo kwenda Gitega, Shango karibu na Kigali, na Nyakanazi. Hii ya mwisho ina urefu wa kilomita 98 hivi.

Hitaji la mradi wa namna hii huanza na maneno kama “umeme wa uhakika kwa wananchi”. Hakuna atakayeyapinga, na hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa yametimizwa. Kazi ya kwanza ya mhandisi ni kuyavunja: uhakika ni saa ngapi za kukatika kwa mwaka? Volti zishuke hadi wapi kabla ya kuhesabiwa kuwa hitilafu? Masafa ya gridi, ambayo kwa Tanzania ni hezi 50, yayumbe kwa kiasi gani? Kila jibu huwa kigezo, na kila kigezo hupewa mtu anayewajibika nacho.

Hatua inayofuata ni kufunga vigezo pamoja. Nguvu ya mtambo wa maji, kwa kilowati, ni 9.81 mara mtiririko wa maji kwa mita za ujazo kwa sekunde, mara kimo cha anguko kwa mita, mara ufanisi. Tukichukua ufanisi wa asilimia 90, megawati 80 zinadai mtiririko na kimo ambavyo vikizidishwa vinatoa takriban 9,060. Kwa kimo cha kufikirika cha mita 30, mto lazima ulete mita za ujazo 302 kila sekunde. Kiangazi kikiushusha, megawati nazo zinashuka. Kwa hiyo “megawati 80” peke yake haitoshi kuwa kigezo. Inakuwa kigezo pale inapoandikwa pamoja na sharti lake: kwa mtiririko upi, na kwa sehemu gani ya mwaka.

Njia ya kusafirisha umeme inafuata kanuni hiyohiyo. Kusafirisha megawati 26.7, yaani theluthi ya Tanzania, kwa kilovoti 220 kunahitaji mkondo wa ampea 70 hivi katika kila waya. Kwa kilovoti 33 mkondo ungekuwa kama ampea 467, na kwa kuwa upotevu hupanda kwa mraba wa mkondo, waya uleule ungepoteza zaidi ya mara 44.

Vigezo vya jamii vina nafasi ileile katika modeli, ingawa wahandisi wengi huvisukuma pembeni. Mpango wa awali wa Rusumo ulikuwa wa bwawa kubwa ambalo lingefurisha eneo pana la vinamasi na mashamba. Uliachwa, ukachaguliwa mtambo unaotumia maji ya mto yanavyopita, ili kupunguza madhara hayo. Hekta zitakazozama na kaya zitakazohamishwa zinapimika sawasawa na megawati, na zilistahili kuwa na uzito wa kubadilisha mchoro.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi kuliko yote ni mahali pa kupimia. Mtambo wa Rusumo unaweza kuwa tayari kufua umeme mwaka mzima, na kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi kikapokea kilovoti 220 bila dosari, huku mashine ya kusaga ya Rulenge, wilayani Ngara, ikishindwa kuwaka kwa sababu waya wa mwisho ni mrefu na mwembamba. Ripoti ya mtambo na ya kituo zinaweza kuwa za kweli zote mbili, na mwenye mashine akabaki bila unga. Mpaka wa mfumo ukichorwa Nyakanazi, tatizo lake halimo kwenye modeli. Ukichorwa kwenye Luku yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, limo.

Ngara ina somo la zamani zaidi kuhusu hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Tathmini za misaada iliyotolewa katika mgogoro ule zilichangia kuanzishwa kwa mradi wa Sphere mwaka 1997, uliotunga viwango vya chini vya huduma: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na umbali usiozidi mita 500 kati ya kaya na bomba la karibu. Maji hayo huhesabiwa kwa yule anayeyatumia. Tangi lililojaa upande wa pili wa kambi halitimizi kigezo.

Modeli ya umeme wa Ngara na Biharamulo inapaswa kupimwa kwa kanuni hiyohiyo: volti na saa za kukatika zisomwe kwenye mita ya mteja wa mwisho, na hapo ndipo hitaji lihesabiwe kuwa limetimizwa au halijatimizwa.