Tahadhari katika kuunganisha ghala la msimbo na mitambo ya majaribio

WAUNDAJI wa programu za kompyuta huhifadhi msimbo wao katika ghala la pamoja, ambamo kila badiliko hurekodiwa. Mfumo maarufu wa kurekodi mabadiliko hayo ni Git, ulioundwa na Linus Torvalds mnamo 2005.

Ghala hilo huweza kuunganishwa na mtambo wa ujumuishaji endelevu, kama vile Jenkins. Msimbo mpya unapowasilishwa, ghala huutumia mtambo ujumbe. Nao mtambo huiunda programu upya, huifanyia majaribio na kurejesha matokeo. Jaribio likifeli, wasimamizi hulizuia badiliko hilo hadi lirekebishwe.

Zipo pia programu za nyongeza, mathalani za kupima ni kiasi gani cha msimbo kimefanyiwa majaribio. Hata hivyo, nyongeza inayoendeshwa ndani ya mtambo huweza kuzifikia nywila na funguo za siri zilizowekwa humo.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka wa 2021. Kuanzia Januari 31, wadukuzi waliibadilisha faili ya kampuni ya Codecov iliyotumiwa kupakia matokeo ya vipimo, wakapata njia ya kuiba siri za wateja. Hila hiyo iligunduliwa Aprili 1, mteja mmoja alipolinganisha alama ya utambulisho ya faili hiyo na ile iliyochapishwa rasmi, akapata zinatofautiana.

Kwa hivyo, anayeunganisha nyongeza yampasa kuipa ruhusa inayohitajika pekee, kubainisha toleo kamili analolitumia, kuihakiki faili kabla ya kuiendesha, na kubadilisha funguo zote mara anaposhuku zimevuja.